Kombe la FA 2019/20: Namungo alifungwa fainali akaenda Afrika, Coastal 2022 alifungwa fainali akabaki Tanga. Kanuni ni ipi?

#1 Mzee wa Kanuni
Wakuu, salaam.

Msimu wa 2019/20 Simba alibeba ligi, akabeba na Azam Sports Federation Cup, ndilo Kombe la FA. Fainali Agosti 2, 2020, Simba 2 Namungo 1. Aliyefungwa, Namungo, ndiye akaenda Kombe la Shirikisho Afrika.

Msimu wa 2021/22 Yanga naye akabeba ligi, akabeba na FA. Fainali Julai 2, 2022 pale Arusha, Yanga na Coastal Union 3-3, matuta 4-1. Kwa hesabu ya Namungo, Coastal alipaswa kupanda ndege. Waliopanda ni Azam na Geita Gold, wa tatu na wa nne wa ligi.

Mazingira ni yale yale: timu moja imebeba makombe mawili, aliyefungwa fainali hayumo nafasi mbili za juu. Majibu mawili tofauti. Mwenye nondo aweke. "TFF ni TFF" (shirikisho letu la soka) si jibu.

#2 Kolo Mstaafu
Rahisi tu. Wa nne wa ligi ndiye anayekwenda. KMC 2019 wa nne, Namungo 2020 wa nne, Biashara United 2021 wa nne, Geita 2022 wa nne. Coastal hakuwa wa nne. Uzi ufungwe.

#3 Hesabu za Jangwani
Usifunge, mtani. 2020/21 Tanzania ilikuwa na nafasi moja tu Klabu Bingwa na moja tu Shirikisho. Wa pili alikuwa Yanga, wa tatu Azam, na wote wawili walibaki nyumbani. Sasa huyo wa nne amewarukaje wa pili na wa tatu kwa mlango wa ligi? Namungo hakupita mlango huo. U-nne wake ni sadfa tu.

#4 Kolo Mstaafu
Nafasi moja ilitoka wapi? Mwaka uliotangulia tulipeleka timu nne.

#5 Karani wa Pointi
#4, nafasi za CAF (shirikisho la soka Afrika) si mali ya kudumu. Nchi 12 za juu kwenye viwango vya miaka mitano hupeleka timu mbili Klabu Bingwa na mbili Shirikisho. Ya 13 kushuka, moja na moja.

Pointi zinapigwa hivi. Klabu Bingwa: bingwa 6, wa pili 5, nusu fainali 4, robo fainali 3, wa tatu kwenye kundi 2, wa mwisho kwenye kundi 1. Shirikisho unashusha: 5, 4, 3, 2, 1, na wa mwisho kwenye kundi anaokota 0.5. Usipofika makundi, sifuri. Kisha msimu wa karibuni unazidishwa mara 5, uliotangulia mara 4, hivyo hivyo hadi mara 1.

Nafasi za 2019/20: Simba robo fainali 2018/19, 3×5 = 15. Yanga wa mwisho kwenye kundi la Shirikisho 2018, 0.5×4 = 2. Mwaka 2017 patupu. Yanga tena wa mwisho kwenye kundi 2016, 0.5×2 = 1. Mwaka 2015 patupu. Jumla 18, tukaingia kwenye zile 12. Wakaenda Simba na Yanga, Azam na KMC.

Hao wanne hakuna aliyeona makundi. Simba na UD Songo ya Msumbiji, 0-0 kule, 1-1 hapa, akatoka kwa goli la ugenini. Yanga na Zesco, akashuka Shirikisho akakutana na Pyramids. Azam na Triangle ya Zimbabwe. KMC na AS Kigali. Msimu mzima 0×5. Zile za zamani zikashuka ngazi: 3×4 = 12, 0.5×3 = 1.5, 0.5×1 = 0.5. Jumla 14. Hazikutosha. Ndiyo maana 2020/21 ilikuwa moja na moja.

#6 Chai ya Rangi
Na aliyefunga lile goli la UD Songo pale Dar ni Luis Miquissone. Januari 2020 akavaa jezi ya Simba, Julai akamfunga Yanga nusu fainali ya FA, Agosti akamfunga Namungo fainali. Yaani aliyetupunguzia nafasi ndiye aliyeamua nafasi iliyobaki iende kwa nani.

#7 Hesabu za Jangwani
#6 hiyo imenichoma lakini ni kweli.

#8 Mzee wa Kanuni
Asante #5, sasa tunaongea. Nimepanga misimu yote tangu kombe lirudi, kuona upi unaipima kanuni na upi hauipimi. Kipimo kinahitaji vitu viwili kwa pamoja: aliyechukua FA awe ameshapata nafasi kwa ligi, na aliyefungwa fainali asiwe na nafasi yoyote kwa ligi.

2016: Yanga ligi na FA, Azam kafungwa fainali 3-1. Azam alikwenda Shirikisho. Lakini Azam alikuwa pia wa pili kwenye ligi. Haipimi.
2017: Simba FA, Yanga ligi. Simba kaenda. Haipimi.
2018: Mtibwa FA kwa 3-2 dhidi ya Singida United, Simba ligi. Haipimi.
2019: Azam FA kwa 1-0 dhidi ya Lipuli. Azam wa tatu kwenye ligi. Nafasi ya pili ya Shirikisho kaenda KMC, wa nne. Inapima nusu: Lipuli hakufikiriwa, lakini bingwa wa FA alikuwepo kuitumia nafasi yake.
2020: Simba vyote, Namungo kafungwa. Inapima. Kaenda Namungo.
2021: Simba vyote, Yanga kafungwa fainali, na Yanga ni wa pili kwenye ligi. Wote wawili Klabu Bingwa. Shirikisho wakaenda Azam wa tatu na Biashara wa nne. Haipimi.
2022: Yanga vyote, Coastal kafungwa. Inapima. Coastal hakwenda.
2023: Yanga vyote, Azam kafungwa 1-0, Azam wa tatu. Haipimi.
2024: Yanga vyote, Azam kafungwa kwa matuta 6-5, Azam wa pili kwenye ligi. Haipimi.
2025: Yanga vyote, Singida Black Stars kafungwa 2-0, Singida wa nne. Haipimi.

Misimu kumi, vipimo viwili, na vinapingana.

#9 Mgosi wa Ngamiani
Mimi wa Coastal sina la kuongeza ila hili. Nusu fainali ya 2022 Coastal alimtoa Azam kwa matuta. Fainali mshambuliaji wetu Sopu akafunga matatu peke yake. Halafu Shirikisho kaenda nani? Azam. Aliyemtoa kabaki, aliyetolewa kaenda. Na Sopu mwenyewe dirisha lile lile akasajiliwa Azam. Wagosi tulibaki na kanda ya video.

#10 Fundi Ratiba
#8 kazi safi, ila vipimo vyako havipingani. Ulichosahau ni idadi ya nafasi. 2020 zilikuwa moja na moja. 2022 zilikuwa mbili na mbili. Ukiziweka hivyo, kila msimu unakaa mahali pake:

Nchi ikiwa na nafasi moja ya Shirikisho, nafasi hiyo ni ya Kombe la FA. Haina ubia na ligi. Bingwa wa FA asipoihitaji inashuka ndani ya kombe lile lile, kwa aliyefungwa fainali. Ndiyo 2020, na ndiyo 2016 pia.

Nchi ikiwa na nafasi mbili za Shirikisho, moja ni ya FA na moja ni ya ligi. Tayari kuna orodha ya ligi mkononi. Bingwa wa FA asipoihitaji, unaendelea kushuka kwenye orodha ile. Ndiyo 2021, 2022, na kuendelea.

#11 Mzee wa Kanuni
Inakaa vizuri kwenye karatasi. Lakini kwa nini kanuni ya nani anarithi nafasi itegemee idadi ya nafasi? Mrithi wa nafasi ya FA ni suala la FA. Nafasi ya pili ya Shirikisho haigusi jambo hilo.

#12 Kitasa cha Mlango
Kuna maelezo mepesi zaidi: kanuni ilibadilishwa kati ya 2020 na 2022. 2021 haikuonekana kwa sababu fainali ilikuwa ya watani na wote walikuwa na nafasi zao. Mabadiliko yangeweza kupita pale bila mtu yeyote kulalamika, kwa kuwa hakuna aliyeumia.

Na mwelekeo wa dunia ulikuwa huo. UEFA walimwondolea mshindi wa pili wa kombe haki ya kwenda Ulaya kuanzia msimu wa 2015/16. Bingwa wa kombe akiwa ameshafuzu kwa ligi, nafasi inashuka kwenye ligi. Hoja yao ni kwamba aliyefungwa mechi ya mwisho asipewe tuzo mbele ya aliyekusanya pointi msimu mzima.

#13 Fundi Ratiba
#12 UEFA walifanya, CAF si UEFA. CAF anataka majina kutoka kwenye shirikisho la nchi, na shirikisho ndilo linalopanga njia ya kuyapata. Ukisema tulifuata Ulaya, mbona 2020, miaka mitano baada ya UEFA, tulikuwa bado tunampeleka aliyefungwa?

#14 Kitasa cha Mlango
Ndiyo maana nimesema ilibadilika BAADA ya 2020. Soma taratibu, fundi.

#15 Bandiko Refu
Labda ni leseni za klabu? Timu inaweza kufuzu uwanjani ikakwama kwenye makaratasi.

#16 Karani wa Pointi
#15 leseni ni chujio, haigawi nafasi. Inaweza kumzuia aliyefuzu, ila haiwezi kueleza kwa nini mstari ulipangwa ulivyopangwa. Na uwanja wa nyumbani si sababu pia. Namungo hakuchezea Afrika kwao Ruangwa, alichezea Dar.

#17 Kibonge wa Mikumi
Wakuu samahani, hiyo fainali ya Namungo si ndiyo ya Kigoma, Taddeo Lwanga kafunga kwa kichwa?

#18 Mtu wa Ufipa
Hapana mkuu. Kigoma, Lake Tanganyika, ni Julai 25, 2021, Simba 1 Yanga 0, Mukoko Tonombe kala nyekundu kipindi cha kwanza. Ya Namungo ilikuwa Sumbawanga, uwanja wa Nelson Mandela. Luis na Bocco kwa Simba, Edward Manyama kwa Namungo.

Na niseme kitu watu wa Dar hawakigusi. Fainali za kombe hili zinazungushwa: Dar 2016, Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021, Arusha tena 2022, Tanga 2023, Zanzibar 2024 na 2025. Kwa Namungo hii Sumbawanga ilikuwa adhabu. Kutoka Ruangwa kwa barabara unatoka Nanganga, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, Tunduma, ndipo upande Ufipa. Umevuka kusini yote ya nchi. Unatoka ukanda wa joto unafika kama mita 1,800 juu ya bahari, mwezi wa nane, kipupwe kikavu. Mpira unakwenda haraka kuliko ulivyozoea, na dakika ya 60 kifua kinauma. Mwaka mmoja kabla fainali ilikuwa Ilulu, Lindi, jirani na kwao! Wamekosa bahati kwa miezi 14.

#19 Kolo Mstaafu
Hata Simba alitoka Dar, zaidi ya kilomita 1,100. Tusitafute visingizio vya hewa.

#20 Mtu wa Ufipa
Sijatafuta kisingizio. Namungo ndiye aliyefunga goli pekee la kipindi cha pili. Kwa hiyo kifua kiliwauma nyie.

#21 Mwana Nachingwea
😂😂 Namungo, Wauaji wa Kusini.

#22 Fundi Ratiba
Turudi kwenye mada, kwa sababu kuna jambo la msimu ule halijasemwa na ndilo linaloonyesha kanuni ilivyofanya kazi.

Angalieni tarehe. Ligi ilisimama Machi 17 kwa sababu ya corona, ikarudi Juni 13. FA ilikuwa imeshamaliza 16 bora mwezi Februari, ile ambayo Simba alipita kwa matuta mbele ya Stand United pale Shinyanga. Juni 28 Simba akatangazwa bingwa wa ligi kwa sare ya 0-0 na Prisons pale Sokoine. Robo fainali za FA zikaanza siku mbili baadaye.

Maana yake: kuanzia robo fainali kila mtu alijua kwamba Simba hahitaji nafasi ya FA. Kwa hiyo kombe lilikuwa na milango miwili ya Afrika. Mlango wa kwanza: chukua kombe. Mlango wa pili: fika fainali na umkute Simba, hata ukifungwa. Timu saba zilikuwa zinapigania kumkwepa Simba hadi siku ya mwisho, kisha kumwombea afike.

Robo fainali Simba akamtoa Azam 2-0. Azam wa tatu kwenye ligi, safari imekwisha. Nusu fainali Julai 12 akamtoa Yanga 4-1: Fraga, Chama, Luis, Muzamiru, na Fei Toto akarudisha moja. Yanga wa pili kwenye ligi, safari imekwisha. Upande wa pili Namungo alimpiga Alliance 2-0, kisha Sahare All Stars 1-0.

Sahare! Timu ya Tanga ya Daraja la Kwanza. Ilikuwa goli moja kutoka kwenda Shirikisho Afrika bila kuwahi kucheza Ligi Kuu. Kanuni ya aliyefungwa fainali ingempeleka.

#23 Mgosi wa Ngamiani
Kwa hiyo Tanga tumekosa mara mbili. 2020 kwa goli moja, 2022 kwa kanuni.

#24 Kitasa cha Mlango
#22 umenipa silaha. Ona hatari iliyojitokeza: timu ya Daraja la Kwanza nusura ipate tiketi ya Afrika bila kushinda fainali. Mtunga kanuni yeyote akiona hivyo anafungua faili. Hiyo ndiyo sababu ya mabadiliko, si Ulaya.

#25 Mzee wa Kanuni
#24 lakini Sahare angebeba kombe lenyewe pia angekwenda, na hilo hakuna aliyeliondoa. Mtibwa 2018 walikwenda kwa kombe tu. Kama hofu ni timu ndogo, mlango wa kwanza ni mkubwa kuliko wa pili.

#26 Hesabu za Jangwani
Mkumbuke na kilichompata Yanga. Ile 4-1 si aibu ya utani tu. Yanga alikaa nje ya mashindano ya CAF msimu mzima wa 2020/21 akiwa wa pili wa ligi. Angeshinda nusu fainali, fainali yake na Namungo ingekuwa ya mshindi achukue chote, kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa na nafasi. Siku hiyo hiyo Morrison alitolewa nje kwa mabadiliko akapitiliza getini, na mwezi uliofuata yuko Msimbazi, kwa Simba.

#27 Kolo Mstaafu
Utopolo mkianza kulia hata kwenye uzi wa kanuni. Leteni leso.

#28 Hesabu za Jangwani
Lia wewe uliyetolewa nusu fainali 2022 pale Kirumba kwa goli la Fei. Halafu fainali nne zilizofuata kombe liko wapi? Hesabu vizuri: 2022, 2023, 2024, 2025.

#29 Mzee wa Kanuni
Watani, mpunguze. Nauliza: nani anasema fainali ya Sumbawanga ilikuwa bonanza kwa sababu wote walishafuzu?

#30 Bandiko Refu
Mimi nasema. Simba ana ligi na Klabu Bingwa, Namungo ana Shirikisho. Kilichobaki ni kikombe na zawadi. Kanuni ya 2022 inaondoa hilo: Coastal alijua akifungwa hapati kitu, akacheza dakika 120 kama anayegombea roho.

#31 Fundi Ratiba
Hapo umetia chumvi. Coastal walicheza vile kwa sababu Sopu alikuwa moto. Na Mbao 2017 pale Dodoma walimpeleka Simba hadi muda wa nyongeza, wakafungwa kwa penati ya Kichuya dakika za mwisho. Huwezi kusoma kanuni kwenye jasho la wachezaji.

#32 Chai ya Rangi
Mmetaja Mbao, sasa niwaachie kitu cha kutisha. Waliofungwa fainali: Mbao 2017, Singida United 2018, Lipuli 2019. Wote watatu walishuka daraja msimu mmoja, huu huu wa 2019/20. Singida United na Lipuli walishuka moja kwa moja pamoja na Ndanda na Alliance, Mbao akamalizwa na Ihefu kwenye mchujo. Hapo ndipo ligi ikatoka timu 20 ikabaki 18.

#33 Mwana Nachingwea
Laana ya fainali 😳 Namungo ndiye aliyeikata.

#34 Karani wa Pointi
Hakuna laana. Msimu ule zilishuka timu tano kati ya 20, moja kwenye kila nne. Lakini kuna jambo: Singida United na Lipuli walifungwa fainali na mshindi akatumia nafasi yake mwenyewe. Mbao vivyo hivyo, Simba 2017 alikuwa anaihitaji. Watatu hao hawakupata chochote cha kuuza: hakuna Afrika ya kumbakiza mchezaji, hakuna Afrika ya kumvuta mdhamini. Namungo alipata. Hiyo ni hoja ya kumpa aliyefungwa, kwa wanaopenda mpira wa mikoani.

#35 Kitasa cha Mlango
Hoja hiyo inageuka. Biashara United kutoka Mara alikwenda kwa u-nne wa ligi 2021. Akamtoa Dikhil ya Djibouti, akampiga Al Ahli Tripoli 2-0 hapa, kisha mechi ya marudiano Libya hakusafiri, akaondolewa. Msimu ule ule akashuka daraja. Afrika haimlindi mtu, inakula nauli. Ndege ya watu thelathini, hoteli, vipimo vya corona kila mechi. Timu ndogo ililipa kwanza, CAF wakati ule alitoa fedha ukifika makundi.

#36 Mwana Nachingwea
Namungo alifika makundi, mkuu. Al Rabita ya Sudan Kusini, Al Hilal Obeid ya Sudan, kisha 1º de Agosto. Luanda walizuiliwa na mamlaka za kule kwa vipimo vya corona, mechi haikuchezwa, CAF ikaamua zote mbili zichezwe Dar. Namungo 6-2, kisha akafungwa 3-1. Jumla 7-5, kundi D na Raja, Pyramids na Nkana.

#37 Kolo Mstaafu
Na kwenye kundi akapata nini? Mechi sita, pointi sifuri.

#38 Karani wa Pointi
Pointi sifuri kwenye kundi, ila 0.5 kwenye viwango. Mara 5 = 2.5. Simba robo fainali Klabu Bingwa msimu ule 3×5 = 15. Ongeza 2018/19, 3×3 = 9. Ongeza Yanga 2018, 0.5×2 = 1. Jumla 27.5, kutoka 14. Nafasi nne zikarudi 2021/22. Kwa hiyo aliyefungwa Sumbawanga alichangia kurudisha nafasi nne, na nafasi nne ndizo (kama #10 yuko sahihi) zilizomfungia mlango aliyefungwa Arusha.

#39 Mgosi wa Ngamiani
Yaani Namungo ndiye aliyetuloga! Nimeelewa sasa 😂

#40 Mzee wa Kanuni
#38 hiyo ndiyo bora ya uzi huu, hata kama haijathibitisha kitu. Ngoja nione tulipo. #10 anasema idadi ya nafasi. #12 anasema kanuni iliandikwa upya. #2 alisema wa nne...

#41 Kolo Mstaafu
Na bado nasema. Kila mwaka tukiwa na nafasi nne, wa nne anakwenda au anafaidika. Coastal huyo huyo aliyelia 2022 alikwenda Shirikisho 2024/25 kwa kuwa wa nne. Fainali hakuwepo hata kwa bahati mbaya.

#42 Mgosi wa Ngamiani
Hilo kweli. Tulikwenda kwa ligi, na mwaka ule fainali ilikuwa Yanga na Azam.

#43 Fundi Ratiba
#40 ukitaka kututenganisha mimi na Kitasa, msimu unaohitajika ni huu: Tanzania ishuke iwe na nafasi moja na moja, bingwa wa ligi achukue FA, na aliyefungwa fainali asiwe wa pili wa ligi. Akienda yeye, niko sahihi. Akienda wa pili wa ligi, Kitasa yuko sahihi. Tukibaki na nafasi nne hakuna matokeo yanayoweza kutuamua, kwa sababu wote wawili tunatabiri kitu kile kile.

#44 Kitasa cha Mlango
Nakubali kipimo. Sikubali kuomba tushuke kwenye 12 ili nishinde ubishi.

#45 Hesabu za Jangwani
Msiombe kabisa. Tukirudi moja na moja mtani atatafuta Luis mwingine.

#46 Mtu wa Ufipa
Na fainali irudishwe Sumbawanga.

#47 Kibonge wa Mikumi
Nje ya mada kidogo: #18 umeandika Zanzibar 2024, ile si ilipangwa Babati kwanza?

#48 Mtu wa Ufipa
Ilipangwa Babati, Tanzanite Kwaraa, ikahamishiwa New Amaan. Nimeandika ilipochezwa, sikuandika ilipotangazwa.